Kisu ya Hike Mlima Kenya: Kabla Utoe Doo, Angalia Mpini

Msee mmoja wa mbogi yetu alikuja hike ya Chogoria na ile kisu ya Rambo. Unaijua: meno mgongoni, mpini wazi ndani kama paipu, dira kwa kifuniko. Aliinunua mtandaoni, picha ilikuwa moto. Usiku wa kwanza, tukiwa bado nje ya park tunapasua kuni, chuma ilichomoka kwa mpini ikapita karibu na goti ya dem mmoja. Mvua inanyesha, giza tii, hospitali iko mbali huko chini. Ilikuwa noma.

Kwa hivyo anza na mpini. Unataka chuma moja, kutoka kwa ncha hadi mwisho wa mkono. Geuza kisu uangalie upande: ukiona chuma katikati ya mbao mbili zimeshikwa na misumari, hapo sawa. Panga ya shosh yako kule shags pengine iko hivyo, na ndio maana imefyeka tangu ujue kutembea.

Urefu? Makali ya sentimita 10 hadi 12 yanatosha, unene milimita 3 au 4. Kubwa zaidi ya hapo beba tu panga. Na ukishaingia park hauruhusiwi kukata miti, so kazi ya kisu ni kamba, msosi, hema ikikwama, na bandeji ya mtu akiumia.

Sasa, si lazima ununue ya majuu. Jua kali wa Meru na Embu wanaweza kukutengenezea kutoka kwa springi ya lori, chuma ngumu inayoshika makali na rahisi kunoa. Muulize fundi kama ameipika kwa moto kisha akaizima kwa oili. Halafu omba tupa, upitishe kwa makali polepole. Ikila chuma kama sabuni, hiyo haijapikwa, rudisha. Fundi akikasirika kwa sababu umeomba tupa, tafuta mwingine.

Shida ya springi ni kutu. Upande wa Chogoria una mianzi na ukungu, na mvua za Machi hadi Mei hazina huruma. Pangusa kila jioni, paka mafuta ya kupikia kidogo. Kama wewe ni mvivu (mimi ni mvivu), chukua stenlesi. Itakusumbua kunoa, lakini haitaoza kwa begi.

Ala ni lazima, ya ngozi nzito au plastiki ngumu, na ishike kisu hata ukiigeuza juu chini.

Kwa mat, kisu inakaa ndani kabisa ya begi, si kwa kiuno. Kifungu cha 308 cha Penal Code kinahusu mtu anayepatikana na silaha katika hali inayoonyesha ana nia ya uhalifu. Saa tano usiku steji ya Embu, na kisu kwa mshipi, hiyo story ya hike utamweleza karao vipi?