Kata ya Mbege

Anayetaka kuujua utamaduni wa taifa asitazame ngoma na mavazi peke yake. Atazame pia chungu na kata. Wahaya wana rubisi, Wahehe wana ulanzi, na Wachagga wa Kilimanjaro wana mbege. Hiyo ya mwisho ndiyo tutakayoieleza hapa, kwani historia yake yatufundisha mengi kuhusu jamii iliyoibuni.

Mbege ni pombe nzito ya rangi ya kahawia. Ndizi mbivu humenywa, zikachemshwa muda mrefu hata zikaiva rangi nyekundu, kisha huachwa siku kadhaa zichachuke. Wakati huo ulezi huloweshwa na kufunikwa mpaka uchipue. Kimea hicho huanikwa, husagwa na kupikwa uji. Gome la mti uitwao msesewe hutiwa ili kuipa pombe uchungu. Mwishowe maji ya ndizi huchujwa na kuchanganywa na uji uliopoa. Kazi hii ni ya siku nyingi, na kwa kawaida wajuzi wake ni akina mama.

Siku moja mwandishi aliketi na rafiki zake katika kilabu cha pombe huko Marangu. Mama mwenye kilabu alionja kwanza, akamkabidhi mzee kata, naye akaipitisha kwetu mmoja mmoja. Ladha yake ilikuwa tamu na chungu kwa pamoja, na chengachenga za ulezi zilibaki ulimini. Kijana mmoja wetu aliuliza kwa nini kila mtu asipewe bilauri yake. Mzee alimjibu kwamba anayeonja mbele ya wageni athibitisha kuwa hakutia sumu, na wanaonywa kata moja hawana budi kutazamana usoni.

Jibu hilo lina historia ndani yake. Mbege haikuwa ya kulewea tu. Ilipelekwa katika posa na mahari, ilimiminwa chini kwa heshima ya wahenga, na ilinywewa wagombanao walipopatanishwa. Mkosaji aliyekwenda kuomba radhi alichukua jani la isale. Usuluhishi ulipokamilika, pombe ilithibitisha kwamba neno limekwisha.

Wakoloni hawakuuona upande huu. Serikali yao iliweka leseni na ada juu ya pombe za kienyeji, huku sheria ikimzuia Mwafrika kunywa bia ya chupa hadi baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kiwanda cha bia kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1933. Yaani, kwa miaka mingi bia ilitengenezwa katika nchi ambayo wenyeji wake wengi hawakuruhusiwa kuinywa. Huko Kilimanjaro, reli iliyofika Moshi mwaka 1911 na kilimo cha kahawa vilileta fedha taslimu. Mbege, iliyokuwa ikipikwa kwa sherehe na ujima, ikaanza kuuzwa vilabuni.

Mabadiliko hayo yalikuwa na sura mbili. Mama mpishi alipata mapato yake mwenyewe, akaweza kununua chumvi, nguo na madaftari ya watoto. Lakini penye fedha, mzee hakuweza tena kumwambia kijana kwamba kata imetosha. Ulezi uliopaswa kuwa uji wa mtoto uliweza kuishia katika pipa la pombe. Basi si haki kuulaumu utamaduni kwa ulevi wa leo. Mila zilikuwa na breki zake, na breki hizo ndizo zilizolegea.

Wanafunzi waulizeni wazee wenu: katika kijiji chenu, nani alionja kwanza, nani alinywa mwisho, na nani alisema basi? Majibu yao ni historia ambayo bado haijaandikwa yote, na mwenye kuijua huzeeka.