Unakwenda Serengeti na Zanzibar? Hizi Ndizo Lenzi za Kamera za Kubeba, na za Kuacha Nyumbani

Watu wengi wakipanga safari ya mbugani huanza kwa kuuliza wanunue kamera gani. Swali si baya, ila ni la pili. Kinachoamua kama simba ataonekana simba, au ataonekana doa la kahawia kwenye majani, ni lenzi. Mtu analipia gari, viingilio na hoteli, halafu anarudi na picha mia tano ambazo hata moja haifai kutundikwa ukutani.

Tuchukue safari ambayo wengi huifanya kwa mkupuo mmoja: Serengeti, Ngorongoro, kisha Zanzibar. Ukielewa hii, safari nyingine hazikupi shida.

Kwanza, jua kusoma namba za lenzi

Namba ya milimita (mm) inakuambia lenzi inavuta kiasi gani. Ndogo, kama 18, inachukua eneo pana. Kubwa, kama 300, inasogeza kitu cha mbali.

Namba ya pili inaanza na herufi f. Hiyo inaonyesha tundu la lenzi linafunguka kiasi gani, na hapa mambo yako kinyume: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi ya f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi ya f/5.6. Usiku utaiona tofauti yake.

Halafu angalia kamera yako. Nyingi za bei nafuu zina sensa ndogo, iitwayo APS-C, na hizi hufanya lenzi ionekane inavuta zaidi. Kwa Nikon, Sony na Fujifilm za aina hiyo, zidisha kwa 1.5. Kwa Canon, zidisha kwa 1.6. Yaani 300mm yako inafanya kazi kama 450mm au 480mm. Mbugani hiyo ni faida ya bure.

Serengeti na Ngorongoro: unahitaji kuvuta

Magari ya watalii hayaruhusiwi kuacha barabara kumfuata mnyama. Chui akilala juu ya mti ulio mbali, utampiga kutoka hapo hapo ulipo. Kwa hiyo lenzi iishie angalau 300mm kwa kamera ya sensa ndogo, au 400mm kwa ya sensa kubwa. Kwa anayeanza, 70-300mm inatosha kabisa.

Vipi kuhusu zile 150-600mm za Sigma na Tamron? Ni nzuri, hasa kwa ndege. Lakini moja ina uzito wa karibu kilo 2, na ndege ndogo nyingi zinazoruka kwenda mbugani huruhusu mzigo wa kilo 15 tu, begi la mkononi likiwemo. Piga hesabu ya kilo kabla ya kununua.

Usisahau lenzi pana. Kreta ya Ngorongoro ina eneo la kama kilomita za mraba 260, na ukisimama ukingoni 300mm haikusaidii. Ile 18-55mm inayouzwa pamoja na kamera inafanya kazi hiyo vizuri tu.

Zanzibar: unahitaji upana na mwanga

Vichochoro vya Mji Mkongwe ni vyembamba. Ukitaka mlango wa kuchonga uingie wote kwenye picha, huna nafasi ya kurudi nyuma, kwa hiyo tumia ile 18-55mm ikiwa kwenye 18.

Jioni Forodhani, kwenye taa za wauza mishikaki na urojo, toa 50mm f/1.8. Kwa kampuni nyingi hii ni miongoni mwa lenzi za bei ya chini kabisa, na ile ya Canon ina gramu 160 hivi. Ila omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Akikataa, mshukuru na upite.

Kwa ufupi: 18-55mm, 70-300mm na 50mm f/1.8. Hela ikibana, ondoa hiyo ya mwisho. Na kama mbugani unakwenda mara moja tu, uliza bei ya kukodi lenzi ndefu badala ya kuinunua.

Vitu vidogo vinavyookoa safari

1. Mfuko wa maharage. Stendi ya miguu mitatu inasumbua ndani ya gari. Shona mfuko wa kitambaa, jaza kilo 2 za maharage au mchele, weka dirishani na ulaze lenzi juu yake. Mwombe dereva azime injini, maana mtetemo wake unaharibu picha.

2. Betri za akiba. Kwenye ndege zinakaa begi la mkononi, siyo lile la chini. Pawabenki nayo ni hivyo hivyo, na kikomo cha kawaida bila kibali ni 100Wh. Ya 20,000mAh ina 74Wh hivi, kwa hiyo inapita.

3. Memori kadi mbili au tatu badala ya moja kubwa. Ikifa moja, hujapoteza safari nzima.

4. Kanga ya kufunikia. Vumbi la kiangazi likiingia kwenye sensa, kila picha inakuwa na madoa. Usibadilishe lenzi gari likiwa linatembea. Na mifuko ya plastiki usiitegemee: Tanzania ilipiga marufuku ile ya kubebea bidhaa tangu Juni 1, 2019.

5. Droni iache nyumbani kama huna vibali. Hifadhini hairushwi kiholela.

Ukinunua mtumba

Hakikisha lenzi inaingia kwenye kamera yako. Lenzi ya Canon haikai kwenye Nikon, na hata ndani ya kampuni moja kuna vishikio tofauti. Lenzi za zamani za Nikon zilizoandikwa AF au AF-D hazijifokasi zenyewe kwenye kamera kama D3500 au D5600, kwa sababu kamera hizo hazina mota ya kuzifokasi. Wengi wameuziwa hivyo.

Kisha washa tochi ya simu na umulike ndani ya kioo. Ukiona kitu kama utando wa buibui, huo ni ukungu. Hata bei ikiwa ya kutupa, iache. Mwisho ifunge kwenye kamera yako, piga picha kumi pale pale dukani na uzikuze kabla ya kutoa hela.

Fanya mazoezi wiki moja kabla

Piga kunguru wanaoruka na bodaboda zinazopita. Weka spidi ya shata 1/1000 kwa kinachokimbia. Kwa kilichotulia, isishuke chini ya namba ya lenzi: ukiwa kwenye 300mm, anzia 1/300, na kwa sensa ndogo panda hadi 1/500. Duma akitoka mbio hakusubiri utafute kitufe.