Pango la Noeli Lililotengenezwa kwa Mikono



Wapendwa wasikilizaji, leo ni Domenika ya tatu ya Majilio, ambayo Kanisa huiita Domenika ya Furaha. Zimebaki siku chache tu tuadhimishe kuzaliwa kwake Bwana. Lakini tunapozitembelea familia zetu majira haya, hukutana na wazazi ambao furaha imewapungukia. Baba anatueleza kwamba mwaka huu watoto wake hawatakuwa na Noeli, kwa kuwa mavuno yalikuwa haba na nguo mpya hazikupatikana. Mama anatuambia kwamba alitamani sana kuweka pango nyumbani, ila alipouliza bei ya sanamu dukani alirudi kimya. Wazazi hao tunawaheshimu, maana huzuni yao inatoka katika upendo. Hata hivyo, tunapenda leo kuwaonyesha kwa njia ya historia kwamba pango la Noeli halikuanzia dukani, na kwamba katika nyakati ngumu lilihifadhiwa na mikono ya familia za kawaida pamoja na watoto wao.

Tuanze na Injili yenyewe. Mwinjili Luka, katika sura ya pili, anasimulia kwa maneno machache sana. Anatueleza kwamba Mama mwenyewe ndiye aliyemfunga Mtoto vitambaa, na kwamba kitanda chake kilikuwa hori, yaani chombo cha kulishia mifugo, kwa sababu nafasi nyingine haikupatikana. Luka hamtaji ng'ombe wala punda. Wanyama hao Wakristo waliwachukua katika sura ya kwanza ya kitabu cha nabii Isaya, pale nabii anaposikitika kwamba ng'ombe na punda wanamjua anayewalisha, lakini watu wa Mungu hawamjui Bwana wao. Basi, tangu usiku wa kwanza kabisa, Noeli iliandaliwa kwa vitu vilivyokuwapo. Maria na Yosefu hawakungoja mpaka wapate kilicho bora.

Sasa twende Italia, katika kijiji cha Greccio, kilichojengwa mlimani juu ya bonde la Rieti. Mwaka ni 1223. Mtakatifu Fransisko wa Asizi alikuwa na afya dhaifu. Miaka mitatu baadaye alifariki dunia. Tarehe 29 Novemba ya mwaka huo Papa Honorio wa Tatu alikuwa amethibitisha Kanuni ya shirika lake. Siku kama kumi na tano kabla ya Noeli, Fransisko alimwita rafiki yake aitwaye Yohane, mtu mwenye cheo katika nchi ile, akamwomba aandae hori, nyasi kavu, ng'ombe na punda. Alitaka kuona kwa macho yake jinsi Mtoto Yesu alivyokosa hata yale ambayo kila mtoto mchanga anayahitaji.

Usiku ulipofika, ndugu wa shirika wakaja kutoka makao yao mbalimbali, na wanakijiji, wanaume kwa wanawake, wakapanda mlima wakiwa na mishumaa na mienge. Padre akaadhimisha Misa juu ya hori lile. Fransisko, aliyekuwa shemasi, akaimba Injili na kuwahubiria watu. Hayo tunayajua kutoka kwa Tomaso wa Celano, ndugu wa shirika hilo hilo, aliyeandika maisha ya Fransisko miaka michache tu baadaye.

Angalieni vema, ndugu zangu, ni nini kilichokuwapo Greccio na ni nini hakikuwapo. Hapakuwa na sanamu za kununua. Tomaso hatuelezi kwamba kulikuwa na mtu aliyeigiza Maria au Yosefu. Kulikuwa na nyasi, hori na wanyama, vitu ambavyo mkulima wa pale alikuwa navyo zizini kwake. Pango la Noeli tunalolijua leo lina deni kubwa kwa usiku ule.

Desturi hiyo ikaenea, na katika kuenea ikaingia pia katika makao ya wakubwa. Kabla karne ile ya 13 haijaisha, mchongaji Arnolfo di Cambio alichonga sanamu za marumaru za kuzaliwa kwa Bwana kwa ajili ya Basilika la Maria Mkuu, huko Roma. Katika karne ya 18 mji wa Napoli ulisifika kwa mapango ya fahari, yenye sanamu zilizovishwa hariri, na mfalme wake Karoli wa Bourbon alikuwa mpenzi mkubwa wa kazi hiyo. Hatusemi kwamba hayo yalikuwa mabaya, kwani uzuri unaotolewa kwa Mungu ni namna ya sala. Lakini pango likiwa limekaa kanisani na katika majumba ya kifalme tu, mwenye ufunguo wa mlango aweza kuwafungia watu nje.

Na hivyo ndivyo ilivyotokea Ufaransa. Mapinduzi yalianza mwaka 1789, na kufikia miaka ya 1793 na 1794 makanisa mengi yalifungwa, ibada za hadhara zikazuiwa, na mapadre wengi wakauawa au wakakimbilia nchi za nje. Katika eneo la Provence, kusini mwa nchi ile, watu waliozoea kwenda kuliona pango kanisani sasa walikuta milango imefungwa. Basi wakaanza kulitengeneza nyumbani. Walifinyanga sanamu ndogo kwa udongo, kwa karatasi iliyolowekwa, hata kwa sehemu laini ya mkate iliyokandwa vizuri.

Mjini Marseille alikuwapo fundi aitwaye Jean-Louis Lagnel, aliyezaliwa mwaka 1764 na kufariki mwaka 1822. Yeye alitengeneza kalibu za plasta, akawa anashindilia udongo ndani yake, anazitoa sanamu, anazikausha na kuzipaka rangi. Bei yake ilikuwa ndogo, hata familia isiyo na mali ikaweza kupata moja au mbili kila mwaka. Katika lugha ya watu wa Provence sanamu hizo ziliitwa watakatifu wadogo, ndiyo maana hadi leo zinaitwa santons. Mwaka 1803 lilianza soko lake huko Marseille, na soko hilo hufanyika hata siku hizi. Tena watu hao hawakutosheka na Maria, Yosefu na wachungaji. Walimletea Mtoto Yesu majirani zao wenyewe: mvuvi na wavu wake, msaga unga na gunia lake, mnoa visu, mwanamke mwenye kikapu kichwani. Mtoto wa nyumba ile, alipolitazama pango, aliwaona watu wa mtaa wake wakienda kwa Mwokozi. Hapo alipata katekisimu yake katika miaka ambayo wakatekisti wake walikuwa wamenyamazishwa.

Mfano mwingine tunaupata kwa ndugu zetu Waluteri wa Ujerumani. Mchungaji Johann Hinrich Wichern alianzisha mwaka 1833, karibu na mji wa Hamburg, makao ya watoto maskini. Kila Majilio watoto walimsumbua kwa swali moja: Noeli itafika lini? Mwaka 1839 akachukua gurudumu la mkokoteni wa zamani, akasimamisha juu yake mishumaa midogo ishirini kwa siku za kazi na mikubwa minne kwa Domenika. Kila siku mshumaa mmoja zaidi uliwashwa, na watoto wakaona kwa macho yao jinsi mwanga unavyoongezeka kadiri Bwana anavyokaribia. Baadaye mishumaa minne tu ndiyo iliyobaki, na mwaka 1925 shada hilo likawekwa katika kanisa Katoliki mjini Köln. Shada la Majilio tuliloliwasha leo parokiani lina asili yake katika gurudumu kuukuu na watoto wasio na kitu.

Wapendwa, sisi wenyewe tulichelewa kuyaelewa hayo. Tulipokuwa padre kijana, katekista wa kigango kimoja alitujia wiki mbili kabla ya Noeli akiongozana na watoto. Walibeba juu ya ungo sanamu walizofinyanga kwa udongo wa mtoni: Maria, Yosefu, mchungaji mwenye fimbo, na ng'ombe mwenye nundu kama ng'ombe wa kwao. Tuliwashukuru kwa maneno, lakini tukamwambia katekista kwamba kanisa linastahili sanamu za heshima, nasi tumekwisha kuziagiza kutoka mjini. Mvua ikanyesha, barabara ikakatika, na sanamu hazikufika. Usiku wa Noeli watoto wale walikaa mbele ya kona tupu. Katekista hakutulaumu, alitukaribisha chakula nyumbani kwake kama ilivyokuwa desturi yake. Mwaka uliofuata tulimwomba awaambie watoto walete tena ungo wao. Walileta, isipokuwa yule aliyemfinyanga ng'ombe. Yeye alikataa, nasi tulijua sababu. Kila Majilio yanapoanza tunamkumbuka.

Kwa hiyo tunawaomba ninyi wazazi, msimkataze mtoto anayetaka kutengeneza, wala msimwonee haya. Udongo wa mfinyanzi upo katika vijiji vyetu vingi: uondoeni mawe, ukandeni, na sanamu zikiisha kufinyangwa zikaukie kivulini polepole, kwa maana jua kali huzipasua. Macho na ndevu mtachora kwa mkaa. Penye migomba, maganda yake makavu hufungwa kwa uzi yakawa kanzu ya Yosefu na shela ya Maria. Mafundi wa Uganda na Kenya hutengeneza hivyo familia nzima ya Bethlehemu, kama vile wachongaji wa Kimakonde wanavyoichonga katika mpingo. Mabua ya mahindi yatajenga zizi, na boksi kuukuu litakuwa pango. Mnaokaa mjini pasipo udongo, lowekeni magazeti, yapondeni, mchanganye na uji mzito wa unga wa ngano. Jambo moja tu tunasisitiza: mshumaa usikaribie nyasi kavu, na usiwashwe pasipo mtu mzima.

Hori liacheni tupu hadi usiku wa Noeli. Iko desturi njema katika familia nyingi za Kikristo: mtoto akitenda jema, akimchotea bibi maji au akimsamehe ndugu yake, anaweka unyasi mmoja horini. Naye baba na mama waweke wao. Hivyo kitanda cha Mtoto Yesu kitaandaliwa na nyumba nzima.

Nanyi makatekista, tunawakabidhi kazi moja. Mwaka 1969, wakati wa Papa Paulo wa Sita, ilianza desturi ya watoto wa Roma kuleta sanamu zao za Mtoto Yesu katika Uwanja wa Mtakatifu Petro, Domenika hii ya tatu ya Majilio, ili zibarikiwe na Baba Mtakatifu. Kigango chetu kinaweza kufanya vivyo hivyo. Waalikeni watoto walete walichotengeneza, hata kama mkono umevunjika au mchungaji ni mkubwa kuliko ng'ombe, na mwombeni padre abariki vyote pamoja. Hayati Papa Fransisko, aliyekwenda Greccio tarehe 1 Desemba 2019 kutia sahihi barua yake kuhusu pango la Noeli, alitukumbusha humo kwamba namna ya kulipanga si jambo kubwa. La maana ni kwamba liseme na maisha yetu.

Ndugu wapendwa, yule baba asiye na nguo mpya za kuwapa watoto wake anaweza jioni ya leo kuketi nao chini, akakanda udongo na kuwasimulia jinsi Bwana alivyozaliwa. Watoto watakapokuwa watu wazima, huenda watausahau mwaka wa mavuno haba, lakini sauti yake wataikumbuka.

Tumwombe Mama Maria, aliyemlaza Mwanawe horini, aziombee familia zetu zote, na hasa zile zinazodhani kwamba hazina cha kumtolea Mungu. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.