Asilimia 80 walisema kibaki kimoja

Jamani, leo maktabani nimekutana na Tume ya Jaji Nyalali, usingizi wote ukaisha. Mwaka 1991 iliwauliza Watanzania: chama kimoja au vingi? Kama asilimia 80 wakasema kibaki kimoja. Tume ikapendekeza vingi, na 1992 katiba ikabadilishwa.

Babu yangu alikuwa kwenye hao 80. Nikampigia. "Mjukuu wangu, vyama vingi sisi tulijua ni vita. Nani alitueleza kingine?"

Mshikaji wangu wa chumbani anasema basi tume ilipatia, watu hawakujua. Mimi nimekwama hapo. Chama kimoja kisheria tangu 1965, redio ya serikali peke yake, wangejua kutoka wapi? Ila mtu asiyejua, unamfundisha au unamwamulia?

Uchaguzi wa 1995 babu alipanga foleni tangu alfajiri. Alimpigia nani, mpaka leo hasemi.