Saa Kumi ya Alfajiri Pale Mukono

Wazee wetu wa uamsho hapa Kagera wana desturi ambayo vijana huicheka kidogo kabla ya kuizoea. Ukilala nyumbani kwao, saa kumi na moja haijafika utasikia mlango ukifunguliwa, kiti kikivutwa, na sauti ya chini ikitaja majina: watoto, jirani mgonjwa, mchungaji, hata mgeni aliyelala chumba cha pili. Moto haujawashwa, simu haijaguswa. Wengi wetu tumekua tukiisikia sauti hiyo bila kuuliza ilitoka wapi. Tumeona vema tuandike habari zake, kwa kuwa wako watu ambao saa ile iliwagharimu sana.

Tuanze Septemba 1929, kwenye kilima cha Namirembe, Kampala. Daktari Mwingereza, Joe Church, alikuwa mmisionari katika hospitali ya Gahini, mashariki mwa Rwanda, na alikuwa ametoka katika kipindi cha njaa kali iliyoua watu wengi. Alifika Kampala akiwa amechoka mwili na roho. Hapo akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda mwenye kazi ya serikali katika idara ya afya, mtu wa heshima mjini, ambaye naye alikuwa na kiu ya kumjua Mungu zaidi. Kwa siku mbili wawili hao walikaa na Biblia zao, wakifuata mafungu yanayomhusu Roho Mtakatifu na kuomba pamoja. Mzungu na Mwafrika kupiga magoti pamoja hivyo, kila mmoja akikiri upungufu wake mbele ya mwenzake, halikuwa jambo la kawaida katika miaka ile ya ukoloni. Baadaye Nsibambi aliacha kazi ya serikali, akabaki Kampala akihubiri na kuzungumza na mtu mmoja mmoja.

Mdogo wake, Blasio Kigozi, alikwenda Gahini kufundisha. Kazi ilimvunja moyo. Watu walibatizwa, shule zilijaa, lakini aliona baridi, kwanza ndani yake mwenyewe. Mwaka 1935 alijitenga katika kibanda chake kwa muda wa wiki moja, akiomba. Alipotoka alikuwa na mambo matatu aliyotaka kuyapeleka mbele ya Sinodi ya Kanisa la Uganda: ubaridi wa wachungaji, watu wanaoishi katika dhambi ya wazi kuruhusiwa kwenye Meza ya Bwana, na haja ya Kanisa kuamka. Alifariki kwa homa Januari 1936, kabla hajapata kuyasema mwenyewe. Lakini neno lake la Kiganda, zukuka, yaani amka, lilienea kuliko alivyoweza kufikiri.

Kule Gahini na mahali pengine watu walianza kuungama mambo ambayo Wakristo walikuwa wamezoea kuyafunika. Vitu vilivyoibwa vilirudishwa. Mabwana na watumishi waliombana msamaha. Hapa tunaona jambo ambalo mara nyingi tunalisahau tunapohesabu saa za maombi: kwa watu hawa, sala ya asubuhi ilikuwa na meno. Mtu aliyegombana na mkewe usiku hakuweza kupiga magoti alfajiri na kuendelea kama kawaida. Ilimpasa kwanza amwamshe mke wake, azungumze naye. Waliita hilo kutembea nuruni, wakilitoa katika waraka wa kwanza wa Yohana. Watu wakawaita Balokole, waliookoka, na jina hilo mara nyingi lilisemwa kwa dhihaka. Uamsho ulikwenda Burundi, ukaingia Kenya mwaka 1937, na kabla ya miaka ya thelathini kwisha ulikuwa umevuka mpaka wa Uganda kuja huku kwetu Bukoba. Ndiyo maana hadi leo katika mazishi na harusi zetu utasikia Tukutendereza ikiimbwa kwa Kiganda, hata na watu wasiojua Kiganda.

Sasa tufike Mukono, kilomita 20 hivi mashariki ya Kampala. Pale palikuwa na Chuo cha Askofu Tucker, kilichoandaa makasisi na walimu wa Kanisa la Anglikana. Siku hizi ni chuo kikuu cha Kikristo. Mwaka 1941 walikuwapo wanafunzi waliokuwa Balokole, mmoja wao William Nagenda, aliyekwisha kufanya kazi Gahini. Waliamka saa kumi ya alfajiri kuomba na kuimba pamoja, na mchana waliwahubiri wenzao, hata walimu wao. Walilalamika pia kwamba baadhi ya mafundisho ya chuo yalipunguza uzito wa dhambi na wa msalaba. Mkuu wa chuo, mmisionari Mwingereza, aliona utaratibu wa chuo unavunjika. Akakataza mikutano ile ya alfajiri na mahubiri yao chuoni. Wao wakaona hawawezi kutii amri hiyo. Mwezi Oktoba wanafunzi 26 wakafukuzwa.

Tumezoea kusimulia habari hii kwa upande mmoja, nasi hatutaki kufanya hivyo. Mkuu wa chuo hakuwa Farao. Mwenye kuongoza bweni lolote anajua kuwa wanafunzi waliolala saa sita hawasomi vizuri kama wanaamshwa saa kumi kwa nyimbo za chumba cha jirani. Tena, mtu anayekwenda kwa mwalimu wake na kumwambia kwamba hajaokoka, bila kuulizwa, hana budi kujichunguza kama ni Roho amemtuma au ni kiburi. Hata ndani ya uamsho wenyewe walikuwapo waliokiri baadaye kwamba waliwahukumu wenzao kupita kiasi. Hayo yote ni kweli.

Lakini ni kweli vilevile kwamba wanafunzi wale walijua wanachopoteza. Ukasisi ulikuwa ndio matazamio yao. Ulikuwa pia mshahara, nyumba, heshima ya ukoo, matumaini ya wazazi. Walitakiwa tu kuacha saa moja au mbili za alfajiri, na wangeweza kujitetea kwa maneno mazuri kwamba Mungu husikia hata sala ya saa mbili asubuhi. Husikia, bila shaka. Marko anatuambia kuwa Bwana Yesu mwenyewe aliamka usiku bado, akaenda mahali pasipokuwa na watu, akaomba, na hakuna mahali alipowaamuru wengine saa. Ila Balokole wa Mukono walikuwa wamejijua. Walijua kwamba saa wanayoitoa baada ya shughuli zote ni saa ya makombo, na kwamba wakianza kwa kukubali makombo, watamaliza kwa kukubali mengine. Sisi tunaoomba tukiwa tumekwisha kusoma ujumbe wote wa simu hatuna haki kubwa ya kuwacheka.

Kilichofuata ndicho kinachotufanya tuwaamini. Watu 26 waliofukuzwa, wenye marafiki wengi nchini, wangeweza kuanzisha kanisa lao kwa urahisi, na walikuwapo waliotarajia hivyo. Hawakufanya. Walirudi kukaa kwenye mabenchi ya Kanisa lilelile, chini ya makasisi ambao wengine hawakuwapenda, wakaendelea na ushirika wao wa kila wiki na sala zao za alfajiri majumbani. Askofu Cyril Stuart, kwa upande wake, hakutaka mgawanyiko, akatafuta njia ya amani, na polepole ikapatikana. Wengi wa wale waliofukuzwa hawakuwekewa mikono kamwe. Nagenda alibaki mlei, na kama mlei alihubiri Afrika Mashariki yote, na baada ya vita akafika mpaka Ulaya pamoja na Joe Church.

Matunda mengine tumeyala sisi huku Tanzania. Festo Kivengere, kijana wa uamsho kutoka Kigezi, alifundisha shule Dodoma kwa miaka mingi kabla ya kuwa askofu Uganda. Josiah Kibira wa Bukoba, ambaye mwaka 1977 alichaguliwa kuwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani, alikuwa mtu wa uamsho huohuo.

Katika usharika wetu tulikuwa na maombi ya alfajiri kwa kipaza sauti, mpaka mama mmoja jirani, mwenye mtoto mchanga, akaja kwa wazee kulalamika. Tulibishana majuma mawili. Wengine walisema tunazuiwa kuomba, wakataja hata Mukono. Mwishowe mzee mmoja, ambaye ndiye aliyewahi kuomba muda mrefu kuliko sisi sote, alikwenda kumwomba radhi yule mama. Kipaza sauti kikazimwa, na maombi ya pamoja yakasogezwa hadi saa kumi na mbili. Mzee mwenyewe bado huamka saa kumi. Mkewe anasema siku hizi hata kiti hakivuti tena, hukinyanyua.