Sumaku Zilizoonekana Hazina Kazi

Louis Néel alipotoa hotuba yake ya Nobel mwaka 1970, alikiri kwamba antiferomagneti, maada alizozifafanua yeye mwenyewe, zinamvutia mwananadharia lakini hazionekani kuwa na matumizi. Siku hizi kauli hiyo husimuliwa kama mzaha juu ya mkubwa aliyeteleza. Nadhani tunamwonea. Katika maada hizo, atomu moja ikielekeza usumaku wake juu, jirani yake huuelekeza chini, na jumla yake inakuwa sifuri. Kitu kisichovuta hata msumari, nani angekijengea kiwanda? Hata kuuona mpangilio huo kulichukua miaka. Néel aliufikiria katika miaka ya 1930, lakini ilibidi kungoja hadi 1949, Clifford Shull na Samuel Smart walipopiga nyutroni kwenye oksidi ya manganizi iliyopozwa kule Oak Ridge, Marekani. Katika mtawanyiko wa nyutroni hizo vilijitokeza vilele ambavyo eksirei haikuwa imevionyesha: mpangilio wa kisumaku ulijirudia kwa hatua ndefu maradufu ya ile ya atomu zenyewe.

Atakayebisha atasema matumizi yalikuwapo. Wanafizikia Meiklejohn na Bean waligundua mwaka 1956 kwamba antiferomagneti inaweza kuushikilia usumaku wa tabaka lililogusana nayo, na miaka ya 1990 vichwa vya kusomea diski za kompyuta viliutegemea ushikiliaji huo. Ni kweli, ila humo ilikuwa nanga tu. Habari zilibebwa na tabaka nyingine. Kilichokosekana ni swali: badala ya kupima jumla, elektroni ikipita humo inakuta nini? Wanafizikia Pekar na Rashba waligusia jibu mapema, mwaka 1964: spini za elektroni, yaani usumaku mdogo wa kila moja, za juu na za chini zaweza kutengana kinishati. Kwa mfano, katika teluridi ya manganizi, manganizi ya juu na ya chini zote zimezungukwa na atomu sita za telurimu, ila kundi moja limegeuzwa likilinganishwa na jingine. Kwa hiyo kulisogeza tu hakutoshi kulifanya lifanane na mwenzake. Lazima lizungushwe, na hapo spini mbili hupata nishati tofauti kutegemea upande elektroni inakoelekea, jumla ikibaki sifuri. Šmejkal, Sinova na Jungwirth waliziita maada za aina hiyo altamagneti mwaka 2022, na 2024 utengano huo ukapimwa kwenye teluridi hiyo. Kwa wanaotaka kumbukumbu za kompyuta zinazotumia spini bila sehemu moja kuvuruga jirani yake, hiyo si habari ndogo. Tahadhari inabaki, hata hivyo: oksidi ya ruthenimu, iliyosifiwa kuliko zote mwanzoni, ilipopimwa kwa chembe ziitwazo muoni haikuonyesha mpangilio wa kisumaku uliotarajiwa.