Hasheem Thabeet

Hasheem Thabeet (jina kamili: Hashim Thabit Manka, alizaliwa Dar es Salaam, 16 Februari 1987) ni mchezaji wa mpira wa kikapu kutoka nchini Tanzania. Ni Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani, NBA. Mwaka 2009 alichaguliwa na timu ya Memphis Grizzlies akiwa wa pili kati ya wachezaji wote wapya wa mwaka huo. Ana urefu wa mita 2.21 na hucheza nafasi ya senta, yaani mchezaji anayekaa karibu na kikapu.

Maisha ya awali

Thabeet alikulia Dar es Salaam. Baba yake, aliyekuwa msanifu majengo, alifariki kwa matatizo yatokanayo na ugonjwa wa selimundu wakati Hasheem akiwa bado kijana. Baada ya msiba huo familia ilibaki mikononi mwa mama yake, na kijana huyo naye ilimbidi kutafuta vibarua ili kusaidia nyumbani.

Kama vijana wengi wa Tanzania, alikua katika nchi ambayo mpira wa miguu ndio unaopendwa kuliko michezo mingine yote. Alianza kucheza kikapu akiwa na umri wa miaka 15 hivi, umri ambao wachezaji wengi wa Marekani huwa tayari wamefundishwa kwa miaka mingi. Kimo chake kilimfanya aonekane haraka. Yeye mwenyewe alitafuta anwani za vyuo vya Marekani kwenye intaneti na kuwaandikia makocha barua pepe, akiomba nafasi ya kusoma na kucheza.

Alipofika Marekani alipitia shule za sekondari katika majimbo ya California na Mississippi, kisha akamalizia Cypress Christian mjini Houston, Texas. Katika kipindi hicho alilazimika kujifunza mambo matatu kwa pamoja: masomo, maisha ya ugenini na misingi ya mchezo.

Chuo Kikuu cha Connecticut

Mwaka 2006 alijiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut, ambako kocha alikuwa Jim Calhoun. Chuo hicho kilishiriki mashindano ya Big East, yaliyokuwa miongoni mwa magumu zaidi katika vyuo vya Marekani. Maendeleo yake yalionekana mwaka hadi mwaka. Wastani wake kwa kila mchezo ulikuwa hivi:

2006–07: pointi 6.2, ribaundi 6.4, mitupo aliyozuia 3.8
2007–08: pointi 10.5, ribaundi 7.9, mitupo aliyozuia 4.5
2008–09: pointi 13.6, ribaundi 10.8, mitupo aliyozuia 4.2

Sifa yake kubwa ilikuwa kuzuia mitupo ya wapinzani. Alipewa tuzo ya mlinzi bora wa Big East mwaka 2008 na 2009, na katika miaka hiyohiyo chama cha makocha wa vyuo kilimtaja kuwa mlinzi bora wa nchi nzima. Mwaka 2009 pia alikuwa mchezaji bora wa Big East, tuzo aliyoigawana na DeJuan Blair wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Katika mchezo mmoja dhidi ya Providence mwaka huo alipata pointi 15, ribaundi 11 na kuzuia mitupo 10.

Machi 2009 alikuwa katika kikosi cha Connecticut kilichofungwa na Syracuse kwa pointi 127 kwa 117 baada ya vipindi sita vya nyongeza. Mchezo huo, uliofanyika Madison Square Garden mjini New York, ni kati ya mirefu zaidi katika historia ya vyuo vya Marekani. Wiki chache baadaye Connecticut ilifika nusu fainali ya taifa mjini Detroit, ikatolewa na Michigan State.

Kuchaguliwa NBA

Kila mwaka timu za NBA huchagua wachezaji wapya kwa zamu, katika utaratibu unaoitwa drafti. Kwa kawaida timu zilizofanya vibaya ndizo zinazopata nafasi za mwanzo. Tarehe 25 Juni 2009 Los Angeles Clippers walimchagua Blake Griffin, na Memphis Grizzlies wakamfuatia kwa kumchagua Thabeet.

Tukio hilo lilipokelewa kwa furaha kubwa Tanzania. Kabla yake, Mwafrika aliyekuwa amechaguliwa juu zaidi na kung'ara alikuwa Hakeem Olajuwon wa Nigeria, aliyekuwa wa kwanza mwaka 1984. Dikembe Mutombo wa Kongo, ambaye Thabeet alilinganishwa naye mara nyingi kwa jinsi ya kulinda kikapu, alikuwa wa nne mwaka 1991.

Hata hivyo, nafasi hiyo ilikuja na mzigo wake. James Harden alichaguliwa mara tu baada ya Thabeet, na Stephen Curry alikuwa wa saba. Wote wawili baadaye walipata tuzo ya mchezaji bora wa NBA. Kwa sababu hiyo jina la Thabeet limekuwa likitajwa kila watu wanapojadili makosa ya timu katika kuchagua wachezaji.

Miaka ya NBA

Katika msimu wake wa kwanza Thabeet alicheza michezo 68, akiwa na wastani wa pointi 3.1 na ribaundi 3.6. Februari 2010 Memphis ilimpeleka kwa muda Dakota Wizards, timu ya ligi ya maendeleo (D-League), ili apate muda zaidi wa kucheza. Hadi wakati huo hakuna mchezaji aliyechaguliwa juu kiasi hicho aliyewahi kupelekwa katika ligi hiyo.

Sababu za kutong'ara kwake zilikuwa zaidi ya moja. Memphis tayari ilikuwa na senta, Marc Gasol wa Hispania, aliyekuwa akipanda haraka. Kanuni nazo zilikuwa tofauti: katika NBA mlinzi asiyemkaba mtu haruhusiwi kukaa eneo la chini ya kikapu zaidi ya sekunde tatu, lakini vyuoni katazo hilo halipo. Mchezaji ambaye silaha yake ilikuwa kusimama mbele ya kikapu na kuwasubiri wapinzani alipunguziwa nguvu. Aidha, katika miaka hiyo timu zilizidi kutegemea mitupo ya pointi tatu, na masenta walitakiwa kukimbia na kulinda mbali na kikapu.

Februari 2011 alihamishiwa Houston Rockets katika mabadilishano yaliyomrudisha Shane Battier Memphis. Machi 2012 alipelekwa Portland Trail Blazers. Baadaye mwaka huo alijiunga na Oklahoma City Thunder, timu ya Kevin Durant na Russell Westbrook, na katika msimu wa 2012–13 alicheza michezo 66 akiwa mchezaji wa akiba. Alibaki huko hadi 2014. Kwa jumla alicheza michezo 224 ya msimu wa kawaida wa NBA, akiwa na wastani wa pointi 2.2 na ribaundi 2.7.

Baada ya NBA

Mwaka 2014 alipita Philadelphia 76ers na Detroit Pistons bila kucheza mchezo wowote wa msimu, kisha akachezea Grand Rapids Drive ya D-League. Baada ya kukaa nje ya mchezo kwa muda alirudi uwanjani Japani, akiwa na Yokohama B-Corsairs (2017–18). Msimu wa 2019–20 alichezea Fort Wayne Mad Ants nchini Marekani, na mwaka 2020 alikwenda Taiwan kujiunga na Hsinchu Lioneers. Baadaye alirudi nyumbani na kuchezea Dar City, klabu ya Dar es Salaam.

Umuhimu wake

Nchini Marekani Thabeet hupimwa zaidi kwa namba aliyochaguliwa nayo. Nchini Tanzania kipimo ni kingine: kijana aliyeanza kucheza akiwa amechelewa, katika nchi yenye viwanja vichache vya kikapu, alifika ligi kubwa kuliko zote duniani na kudumu humo misimu mitano. Safari yake ilionyesha kwamba njia ipo, na pia kwamba kimo peke yake hakitoshi bila mafunzo ya mapema.